Nani Alifunga Sindano ya Kigari

Bahi, 18 Januari 2025

Mwanangu Penina,

Mbukwa. Huku wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, majaruba yamejaa, tumeanza kupandikiza mpunga. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Mdogo wako Joshua bado yuko Mtera, anasema samaki wapo. Habari zetu ni hizo, sasa nakuja kwenye habari yako.

Simu nimeizima nimeitupa kwenye debe la misumari. Usipige. Jumatano ulinipigia ukaniuliza, "Baba, uligusa kile kigari?" Nikakujibu sikugusa. Ukauliza tena. Ukauliza mara ya tatu kama askari anayemhoji mwizi wa kuku. Mimi, baba yako! Mwenye neno na mimi aliandike atie sahihi, Hamidu wa bodaboda ataniletea kutoka stendi.

Mimi Eliakimu Ndahani nimeshika spana wewe hujazaliwa na mama yako sijamuona. Mashine ya kukoboa ya hapa nimeitunza miaka arobaini na miwili. Alikuja injinia wa umwagiliaji na shahada yake, pampu ikamshinda siku mbili, mimi nikaiwasha nimefumba macho, nimeisikiliza tu. Muulize mtu yeyote Bahi.

Sasa wewe ukaja likizo na kigari cha rimoti, injini yake inaenea kwenye kiganja. Jumamosi ile ukakiwasha mbele ya mashine, watu wote wa foleni wapo na magunia yao. Kikatoa moshi wa bluu kama mkaa mbichi. Nikasema injini hii inaumwa, pete za pistoni zimekwisha. Wewe ukacheka. Mbele ya watu! Ukasema, "Hapana baba, moshi huu ndio uzima wake." Lameck jirani yetu alicheka akakaa chini. Mpaka leo nikipita ananiita Mzee Uzima Wake.

Nimekusomesha mimi. Injini imekufa huko Dodoma, mikononi mwako, halafu unanitafuta mimi huku Bahi. Nataka uniombe radhi, na iwe kwa maandishi.

Baba yako,
E. Ndahani, Fundi Mkuu

*

Area D, Dodoma, 26 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Mama naye msalimie, mwambie dawa ya kuchua goti nimeiweka kwenye mfuko huu huu wa Hamidu. Mimi mzima wa mwili. Maji hapa yanatoka siku mbili kwa wiki na paa la chumba linavuja juu ya kitanda, nimekisogeza. Hongera kwa mapacha wa mbuzi.

Umesema niandike, naandika. Nitaeleza taratibu ili usije ukasema sikueleza.

Jumanne tarehe kumi na nne nilikiweka kigari uwanjani mbele ya wanafunzi thelathini na mmoja na mkuu wangu wa idara, Bwana Cornel. Lilikuwa somo la jinsi mafuta yanavyoungua ndani ya injini. Nikavuta kamba, kikawaka mara moja. Mwanafunzi mmoja, Nasra, akauliza, "Madam, mbona leo hakitoi moshi?" Kabla sijafungua mdomo kikapiga kelele nyembamba kama mluzi, kikakimbia kama kimefukuzwa, kikazima. Nikadondosha tone la maji juu ya injini, ndivyo tunavyopima joto. Siku zote tone linachemka pole pole, unahesabu mpaka nne. Siku hiyo liliruka kama limeguswa na umeme. Imenoki, baba. Pistoni imeshikana na silinda. Plagi yake haina cheche, ina kiwaya kidogo kinachobaki chekundu na kuwasha mafuta, na hicho kiwaya nacho kimeyeyuka.

Injini ile haina mahali pa kuweka oili. Mafuta yake ni spiriti, na oili imechanganywa humo humo. Ukifunga sindano ya kabureta kupunguza mafuta, umepunguza na oili. Moshi ule wa bluu ulikuwa oili inayotoka baada ya kulainisha. Ukiufuta moshi umefuta oili. Injini itaimba dakika chache kwa sababu hewa imezidi na moto umekuwa mkali, kisha itajichoma.

Mimi sindano ile huifungua raundi tatu na nusu, na niliitia nukta ya rangi ya kucha ili nijue ilipo. Nimeikuta kwenye raundi moja na robo tatu. Chupa ya mafuta imepungua vidole viwili. Njiani na huku chuoni sanduku la kigari lilikuwa na kufuli, ufunguo ninao mimi. Nyumbani tu ndiko sikufunga.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kigari ni mali ya chuo na mimi bado niko kwenye mwaka wa majaribio. Kikao cha kunijadili ni tarehe 14 Machi. Ikiwa kuna mtu aligusa bila mimi kujua, nitapewa onyo nibaki kazini. Ikiwa hakuna mtu, basi mwalimu wa injini ameua injini kwa uzembe, na mkataba wangu umeishia hapo. Bwana Cornel ameniambia waziwazi.

Naomba mistari miwili, baba. Jina lako na ulichofanya. Radhi uliyoidai nitakuomba kwa magoti nikija, kwa kucheka mbele ya watu. Nilikosea pale. Lakini mistari miwili naitaka.

Mwanao,
Penina

*

Bahi, 12 Februari 2025

Penina,

Nimechelewa kwa sababu ya kupandikiza, si kwa sababu nyingine. Mgongo unauma. Mama yako goti limepata nafuu kwa dawa yako, lakini sasa mdomo ndio umeugua, haongei na mimi. Chakula ananiwekea mezani kisha anatoka anakwenda kula na mbuzi. Anasema Jumapili ile ninyi mkiwa mnajiandaa kwenda kanisani aliniona na bisibisi. Mimi bisibisi natembea nayo siku zote! Hata siku ya harusi yetu nilikuwa nayo mfukoni, yeye mwenyewe aliicheka. Huo ni ushahidi?

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia kama unamwandikia mtoto wa darasa la tatu. Spiriti, kiwaya, tone la maji. Nikufundishe sasa. Moshi mweusi, mafuta yamezidi. Moshi mweupe, maji yameingia. Moshi wa bluu, injini inakula oili, imechoka, fungua badilisha pete. Hiyo si ya kusoma kwenye kitabu, ni ya kuumia vidole. Hiki cha kulia hakina kucha tangu mwaka themanini na nane na wewe unajua kwa nini.

Rangi ya kucha! Fundi gani anapaka injini rangi ya kucha? Kesho utaisuka nywele.

Sababu ya kufa kwake naijua bila kuiona. Bahi ni chini, Dodoma ni juu. Hewa ya huku nzito, ya huko nyepesi. Umebeba injini iliyozoea hewa ya bondeni ukaipandisha mlimani, umeipigisha mbio siku ya kwanza, imeshindwa kupumua. Waambie hivyo hao wa kikao. Waambie umeelezwa na fundi mwenye miaka arobaini na miwili kazini. Hapo hapana haja ya karatasi yangu.

Tena hiyo kazi gani ya kukuning'iniza mwaka mzima? Rudi nyumbani, mashine ipo, nitakuachia nikichoka. Sijachoka bado.

Baba yako,
E. Ndahani

*

Area D, 20 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie mama nimefurahi kwa goti.

Hewa ya juu ni nyepesi, umesema kweli. Sasa fikiri kama fundi unayejisifu kuwa. Hewa ikipungua na sindano ikabaki pale pale, mafuta yanazidi, hayapungui. Kigari kikipanda kutoka Bahi kuja Dodoma kinatakiwa kitoe moshi zaidi, kiwe kizito, kikohoe. Hakitakiwi kukosa moshi, wala kupiga mluzi, wala kuyeyusha plagi. Kisingizio ulichonipa, nikikipeleka kikaoni, Bwana Cornel atakicheka kabla sijakaa, kisha atakiandika kama ushahidi kwamba sijui kazi yangu.

Na huo moshi wa bluu wako. Ni kweli kwa mashine ya kukoboa, sikubishii, umenifundisha mwenyewe nikiwa nakushikia taa. Lakini ile mashine ina oili yake chini, haitakiwi kupanda juu. Hii imetengenezwa iile oili. Kumbuka pikipiki yako ya zamani, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Ilitoa moshi mpaka mama akakataa kupakiwa akiwa na kitenge cheupe. Uliifungua pete kwa ajili hiyo? Hukuifungua. Uliipanda miaka tisa. Kwa hiyo unajua, baba. Unajua na unanibishia.

Sikuulizi ufundi. Nakuuliza mkono. Mkono wako uligeuza ile sindano au haukugeuza?

Umeniambia nirudi nikarithi mashine. Sikusoma miaka minne ili nisubiri wewe uchoke.

Zimebaki wiki tatu.

Penina

*

Bahi, 2 Machi 2025

Wewe Penina,

Mpunga umeshika vizuri. Joshua amerudi na samaki, wengine tumekausha. Mama yako mzima, bado anakula na mbuzi.

"Nakuuliza mkono." Hilo neno nimekaa nalo siku nzima. Nimekwenda nalo shambani nimerudi nalo. Mkono huu! Mkono huu ndio umekubeba mpaka zahanati ulipougua degedege, maji ya mafuriko yakiwa kifuani kwangu. Mkono huu umefungua injini zaidi ya mia saba, nimeziandika ukutani kwa chaki, mama yako alipiga chokaa akafuta. Leo unauhoji.

Unaniambia fikiri kama fundi unayejisifu kuwa. Mimi sijisifu. Mimi nasema yaliyopo.

Lameck naye ameanza maneno. Msumeno wake wa injini, ule wa kukatia magogo, nao umenoki. Eti kwa sababu niliuazima kwake siku mbili. Mimi nilitaka kuuangalia tu, maana nao unachanganyiwa oili kwenye petroli, nao unatoa moshi kidogo. Nikauwekea sawa kabureta, moshi ukakauka kabisa, ukalia vizuri, ukapasua gogo la kwanza kama muhogo uliochemshwa. Gogo la pili ukazima. Kamba haivutiki. Msumeno ulikuwa mzee, wakati wake ulifika. Lameck amekuja hapa na mkewe Edina wamesimama uani, anasema, "Mzee Uzima Wake, umeniulia msumeno." Nimewafukuza wote wawili.

Wewe unasema injini ile haiwezi kwenda vizuri bila moshi. Hujui unachosema. Hukuisikia Jumapili ile ilivyokuwa inalia, safi, kama nyuki amefungiwa kwenye kopo. Hakuna hata uzi wa moshi kwenye ekzosi. Nilijua ukiisikia utanyamaza, utasema baba, ulikuwa sahihi. Ulirudi kutoka kanisani ukalitia sanduku kufuli, kigari hata hukukijaribu.

Usiniandikie tena kuhusu mkono.

E. Ndahani

*

Area D, 11 Machi 2025

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Kikao kilikuwa Ijumaa, siku moja kabla. Walikirudisha nyuma wiki nzima kwa sababu mkuu wa chuo anasafiri, nikaambiwa Alhamisi saa nane mchana. Nilipiga simu yako. Iko kwenye debe la misumari.

Walikuwa watu watano. Bwana Cornel aliniuliza, "Mwalimu Penina, kuna mtu mwingine aliyeshika chombo hiki?" Nilikuwa na barua zako kwenye mkoba. Barua ya goti na mbuzi, barua ya Dodoma ni juu. Hakuna hata mstari mmoja ningeweza kuusoma pale. Na kusema kwa mdomo wangu, bila karatasi, kwamba ni baba yangu, kwamba baba yangu ananikana, mbele ya watu watano wasiokujua! Sikuweza. Nikasema ni mimi. Nikasema nilifunga sindano kwa majaribio nikasahau kuifungua.

Mmoja akasema, "Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza." Nikasema ndiyo.

Kosa langu la kweli nalijua. Sikuhesabu raundi kabla ya kuwasha. Kila siku nahesabu. Siku hiyo sikuhesabu kwa sababu kigari kilikuwa kimelala nyumbani kwetu.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31. Wamenipa siku kumi na nne za kukata rufaa, mpaka Ijumaa ya tarehe 21. Sikati. Nitakata kwa karatasi gani?

Nimeyaona maneno yako kuhusu Jumapili. Nimeyasoma nimesimama pale pale kwenye kituo cha bajaji, watu wananipita. Sitayapeleka chuoni. Uliyaandika kwa bahati mbaya ukiwa unajisifu, na mimi sitaki kubaki kazini kwa bahati mbaya yako.

Usijibu barua hii.

Penina

*

Bahi, 19 Machi 2025

Penina,

Najibu. Tangu lini unanikataza kujibu?

Barua yako imefika jana. Nimeisoma mbele ya mama yako kwa sauti, yeye ndiye aliyetaka. Nilipofika pale pa kusema ni mimi nilifunga sindano, alininyang'anya karatasi akaenda nayo ndani. Hakurudi nayo mpaka leo asubuhi.

Nani alikupa ruhusa? Nakuuliza, nani? Umesimama mbele ya watu watano ukasema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Umejipaka ujinga usio wako. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Mtu amesema hivyo, na wewe umeitikia ndiyo! Hilo lilikuwa kosa la mtu mwenye miaka arobaini na miwili kazini, na wewe umelichukua umelifanya la mtoto. Nina hasira na wewe kuliko nilivyopata kuwa na hasira na mtu yeyote, hata yule aliyeniibia jeki.

Ningeweza kuandika ile mistari miwili Januari. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na karatasi. Kila nikianza namuona Lameck amekaa chini anacheka, nawe umesimama na rimoti mkononi. Basi naandika mambo mengine. Sasa Lameck nimemwendea jana hiyo hiyo. Nimemwambia msumeno wako nimeuua mimi, kwa kufunga skrubu ya kabureta, kwa sababu nilitaka kumuonyesha binti yangu kwamba hajui, na anajua. Hakucheka. Ningependa angecheka kidogo.

Huendi kukata rufaa kwa sababu huna karatasi. Karatasi hii hapa. Nimeiandika mara sita, mama yako ameichagua hii. Nakala ya kwako naitanguliza kwa basi la leo, Hamidu anasubiri hapa aipeleke stendi. Ile yenyewe naileta kesho kwa mkono, mkono ule ule. Usije kunipokea. Na usitangulie chuoni kusema lolote, umeshasema vya kutosha.

*

Kwa Mkuu wa Chuo

Mimi ni Eliakimu Ndahani, fundi wa mashine ya kukoboa, Bahi. Siombi kazi wala sikuombi huruma.

Jumapili tarehe 29 Desemba asubuhi, binti yangu Penina akiwa kanisani, mimi nilikitoa kigari chenu kwenye sanduku. Hakuniruhusu na hakujua. Nilikiwasha kama nilivyomuona akiwasha. Nilifunga sindano ya mafuta kwa bisibisi mpaka moshi ukaisha, raundi moja na robo tatu zikabaki. Niliona rangi nyekundu pale, nilijua ni alama ya mtu, nikaigeuza hivyo hivyo.

Siku iliyotangulia alikuwa amenieleza kwamba moshi ule ni oili na ukiisha injini inakufa. Nilimkatalia mbele za watu. Aliyoyasema yote ni kweli. Nimeyajaribu kwenye msumeno wa jirani na nao umekufa, jirani anaitwa Lameck, mnaweza kumuuliza.

Aliyowaambia kikaoni kwamba ni yeye, ni uongo. Amewadanganya kwa ajili yangu na mimi nimekasirika naye kwa hilo, msimkasirikie ninyi tena.

Anaijua injini ile kuliko mimi. Hayo nimeyaandika mara moja, msinitake niyarudie kwa mdomo. Mengine yote niulizeni. Niliyewaletea karatasi hii nimekaa kwenye benchi hapo nje, na sitoki mpaka mtu aje aniite kwa jina.

E. Ndahani